Kambo Ngosa alisema "mukuba", mimi nikanyamaza

Mama Kapya mpendwa,

Nisaidie, na kabla hujasoma zaidi nakuomba usiliandike jina langu gazetini, kwa sababu mimi ni mtu wa haya, hata darasani najua jibu na mkono wangu unabaki juu ya dawati, na wasichana wenzangu wa mtaa wetu wa Katuba wakijua kwamba nimekuandikia sitaweza kupita tena mbele yao. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa tatu wa sekondari, napenda vitabu kuliko michezo, na shida yangu ni ya shamba la karanga, ingawa sasa si ya karanga peke yake, utaona.

Mwaka jana mwenye shamba tulilokuwa tunalima alilichukua akajenga nyumba, na mama yangu akabaki bila pa kulima. Baba anafanya kazi ya reli na anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo kutafuta shamba jipya ilikuwa kazi yangu na mama. Mama alikuwa tayari kwenda porini kukata miti na kung'oa visiki, lakini mimi nilikuwa nimeazima katika maktaba ya shule kitabu cha Kifaransa cha mambo ya bustani, nimekinakili karibu chote katika daftari, na kitabu kilisema bustani nzuri inataka mahali wazi, penye jua, pasipo mizizi ya miti. Basi siku moja baada ya mvua za kwanza nikavuka mto Naviundu, nikatembea mpaka nyumba zikaisha, nikaona mahali hapo hasa: uwanja mkubwa wa majani mafupi, msitu umeuzunguka pande zote, na katikati hakuna hata mti mmoja, ni maua madogo tu ya zambarau, mengi sana, kama kuna mtu aliyetangulia kutusafishia. Mama Kapya, nilipiga makofi peke yangu.

Mama alipokuja kuona alisimama na jembe begani, akatazama huku na huku, akaniuliza:

"Mutoto wangu, juu ya nini bantu bote banaacha fasi muzuri hivi?"

"Juu habakusoma, mama," nikamjibu.

Akacheka, akafurahi, kwa sababu anajivunia masomo yangu, na tukaanza kulima siku hiyohiyo.

Jioni yake nilirudi na maua yale mkononi. Nyuma ya lupango, yaani kiwanja, ya jirani yetu, katika nyumba ndogo ya uani, anakaa mama mzee mmoja wa Kibemba, anaitwa Kambo Ngosa, yaani bibi Ngosa, ni mjane, hana mtoto mjini, na wakati wote anaongea na tumbako mdomoni. Aliona maua akaniita.

"Weye, ile maua unatoa wapi?"

"Ng'ambo ya Naviundu, Kambo. Kule njo kwenye tunalima karanga."

"Karanga? Kule? Ambia mama yako asilime kule. Kule iko mukuba. Mukuba tu, kila fasi."

Mimi nilisikia "mukubwa". Nilifikiri anasema shamba lina mwenyewe, mtu mkubwa fulani wa serikali, nikamwuliza:

"Mukubwa gani, Kambo?"

Akacheka mpaka tumbako ikaanguka. "Mukubwa! Ee, umesema kweli, iko mukubwa ya bote! Iko chini ya udongo. Mutapanda, yeye atakula!"

Wakati huo tantine Bijou, mdogo wake mama, alikuwa anapita na ndoo kichwani, na alisikia maneno ya mwisho tu. Mimi niliyasikia yote, nikafikiri mama mzee anasema habari za kaburi la shefu wa zamani, mambo ya mizimu ambayo tunafundishwa shuleni kuyaacha, nikamwonea huruma, nikaenda kusoma. Sikumwambia mama kitu.

Tulipanda mbegu zote. Karanga zilitoka vizuri, zikafika urefu wa vidole vitatu, zikasimama. Majani yakawa manjano na mishipa ikabaki kijani, na nilipong'oa shina moja mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, kama fagio lililochakaa. Mama akapalilia mara mbili. Nilimwambia tungoje, kitabu kinasema karanga zinataka subira. Kitabu hakikusema hivyo, nilijitungia.

Halafu, mara tu baada ya sikukuu za mwaka mpya, Mwalimu Nkandu wa sayansi alitufundisha kwamba katika nchi yetu kuna viwanja vya asili ambavyo miti haioti kwa sababu udongo umejaa shaba, na kuna maua yanayovumilia kuishi hapo, na akasema wazee wetu hawakuwa na laboratwari, waliyaona maua tu wakasema "mukuba", ni shaba, wakaanza kuchimba. Darasa lote liliandika. Mimi kalamu ilisimama. Nilielewa neno la Kambo Ngosa neno kwa neno, na hata utani wake, kwamba mkubwa wa wote katika mji huu ni shaba kweli na yuko chini ya udongo. Nilijua yanipasa kurudi nyumbani na kumwambia mama. Nikarudi nyumbani, nikamkuta anachagua mboga, nikamsaidia kuchagua.

Wiki iliyofuata tulikuwa robine, bombani, tunangoja maji, wanawake kama kumi hivi, na tantine Bijou akaanza:

"Shamba ya yaya yangu, dada mukubwa, inakufa, na mimi najua nani anaikula. Nilisikia na masikio yangu mbili! Alimuambia mutoto: mutapanda, yeye atakula! Yeye njo nani, kama si mashetani yake?"

"Aa, yule mama muzee?" akasema mwingine. "Haina na meno, lakini anakula shamba muzima!"

Wakacheka. Kambo Ngosa alikuwa palepale, anajaza kopo lake. Hakugombana. Alisema tu:

"Muulize mutoto. Njo yeye niliambia."

Wote wakanigeukia, na mama yangu pia alikuwepo akanitazama. Nikasema:

"Sikusikia muzuri."

Tangu siku hiyo neno "mulozi", yaani mchawi, linasemwa waziwazi. Tantine Bijou amekwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, na shefu amesema Jumamosi hii, baada ya salongo, usafi wa pamoja, wakati watu wote wamekusanyika na mafagio na makoleo, atasikiliza shauri. Mwenye lupango amesema yeye hataki fujo, shefu akimkuta mama mzee na hatia atatoa vitu vyake nje siku hiyohiyo. Mama yangu analala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sasa naomba unishauri. Je, kuna mbolea gani inayoondoa shaba katika udongo? Je, majivu yanasaidia? Je, tukipanda mahindi badala ya karanga yataota? Je, miche ya karanga iliyokauka inaweza kuokolewa?

Wako,
Mwanafunzi wa Katuba

Nimesahau swali moja: je, kama nikinyamaza mpaka Jumamosi ipite, watu watasahau?

MAMA KAPYA ANAJIBU

Msichana,

Umeuliza maswali matano. Manne ni ya udongo, yameandikwa kwa herufi nzuri katikati ya ukurasa. La tano, la mtu, umelibana chini ya sahihi, nje ya barua, kama anayemwaga maji machafu kwa jirani akitumaini hakuna aliyemwona. Nimekuona. Naanza na hilo.

Hapana, hawatasahau. Watu wa mji huu husahau nani alifaulu mtihani na nani alioa mwaka gani, lakini mtu aliyeitwa mulozi mbele ya shefu hubaki na jina hilo popote anapohamia. Kambo Ngosa akipata chumba mtaa wa Hewa Bora, jina litafika kabla ya godoro lake. Na wewe unajua. Usingejua, usingeuliza.

Udongo tuumalize haraka. Hakuna mbolea. Mwaga samadi, mwaga majivu, katakata na hicho kitabu chako ukifukie humo: shaba itabaki. Mahindi yatakufa kama karanga, yatakufa tu yakiwa marefu kidogo. Mwambie mama yako aache kupalilia maiti. Tuko mwisho wa Januari, mvua bado ipo. Akipata kipande kingine kabla ya katikati ya Februari anaweza kupanda maharagwe na kuchomeka viazi vitamu, na mtakula matembele kabla ya baridi. Hayo ndiyo yote niliyo nayo kuhusu karanga, na nimeyasema kwa mistari michache kwa sababu hayastahili zaidi.

Sasa tuongee juu ya kitabu chako. Mimi nalima mboga kando ya Naviundu tangu hujazaliwa, na ninasoma pia, kwa hiyo usifikiri nadharau maandishi. Lakini aliyeandika kitabu kile alikuwa na bustani yenye ukuta, katika nchi ambayo hujawahi kuiona. Hapa watu wanapanda mahindi hadi kando ya reli, wanalima kati ya kaburi na kaburi, wanagombania upana wa jembe. Katika mji kama huu unakuta uwanja mzima mtupu, na unapiga makofi! Swali la kwanza la mkulima ni kwa nini hakuna mwingine. Mama yako aliliuliza. Mwanamke mwenye jembe begani alitazama mara moja tu akauliza swali ambalo mwalimu wako alihitaji miezi miwili kulifikia, nawe ukamjibu: "Juu habakusoma." Nilipofika hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Na kama hukutaka kuuliza watu, ungeuliza udongo. Panda mstari mmoja. Karanga za kiganja kimoja, wiki tatu, na udongo ungekujibu bila kukutukana. Lakini kupanda mstari mmoja ni kukubali kwamba huenda umekosea, na wewe hukuwa na nafasi ya wazo hilo, maana kitabu kilikuwa na jalada gumu.

Kusikia "mukubwa" mahali pa "mukuba" si kosa lako. Mama mzee ana tumbako mdomoni, na ninyi watoto wa shule mnajua "cuivre" bila kujua jina ambalo wazee waliipa shaba kabla ya reli kufika. Aibu hiyo tugawane. Kosa lilikuja baadaye kidogo: ulipokea ujumbe wa mama yako, ukaupima wewe, ukaona ni wa kijinga, ukautupa. Haukuwa wako. Ungeubeba nyumbani hata kwa kejeli, hata ukimwiga mama mzee anavyotafuna, "mama, Kambo anasema kule iko mukubwa chini ya udongo", mama yako angeweka sufuria chini. Watu wa umri wake wanalijua neno hilo. Angelirekebisha palepale, na mbegu zingekuwa bado ndani ya kikapu.

Hata hapo ningekusamehe. Siku ya Mwalimu Nkandu sikusamehe. Mimi magugu nayang'oa yakiwa na majani mawili, kwa vidole viwili, huku naongea na jirani, wala sihitaji kuinama sana. Kosa lako siku ile lilikuwa na majani mawili. Lilikuwa ni la nyumbani, kati yako na mama yako, mbele ya bakuli la mboga. Angekugombeza, ungelia, mngekula. Ukaliacha. Robine ukalikuta limefika kiunoni, na badala ya kuling'oa ukalimwagilia maji.

"Sikusikia muzuri." Msichana, uliyaandika maneno yote ya Kambo Ngosa katika barua yako, hukuruka hata kicheko chake. Ulisikia vizuri kuliko mtu yeyote pale. Yule mwanamke angeweza kukutukana mbele ya wote, na hakufanya hivyo. Alikutegemea. Alisema muulize mutoto, kama mtu anayetoa shahidi wake wa pekee, na shahidi akatazama ndoo.

Unaniambia una haya. Tazama vizuri hiyo haya yako inafanya kazi saa ngapi. Haikukuzuia kumchagulia mama yako shamba. Haikukuzuia kuwaita watu wa mji mzima wasiosoma, wala kutunga maneno na kuyatia ndani ya kitabu cha mtu mwingine ili mama yako aendelee kuvunjika mgongo. Inakuja saa moja tu, saa ya kusema "nilikosa". Basi iite jina lake. Hicho ni kiburi kilichovaa sketi ya shule. Na kwa upole wako huo, bila kupaza sauti hata kidogo, unamtoa mjane nje ya nyumba yake.

Tena ulikuwa na nyumba ya Kambo Ngosa hatua chache kutoka mlangoni kwako, ukachagua posta.

Najua una miaka kumi na sita. Najua si rahisi kusema wanawake kumi wakikugeukia kwa pamoja, hata mimi ningesita. Sidhani wewe ni mtoto mbaya. Mtoto mbaya asingeandika. Ndiyo maana sikutupa barua yako na ndiyo maana naisema hivi. Utafanya ifuatavyo.

Utamwambia mama yako leo, si kesho, ninyi wawili tu. Usianze na kitabu, usianze na darasa. Anza hivi: "Mama, Kambo Ngosa alinikataza tusilime kule. Alisema iko mukuba. Sikukuambia." Halafu nyamaza, jambo ambalo unaliweza. Atapiga kelele, mwache apige.

Kisha mtakwenda wote wawili kwa mama mzee. Hutajieleza. Utapiga magoti, utaomba msamaha, na akikutukana utasema "ndiyo, Kambo." Mama yako atakapokuwa amemaliza kuongea naye, mwulize yeye, mtu anayeujua udongo wa huku kuliko kitabu chako, wapi panafaa kwa maharagwe. Sina hakika atajibu. Ana haki ya kukataa.

Jumamosi utakuwa kwenye salongo tangu asubuhi, na shefu akikaa utasimama kabla tantine yako hajafungua mdomo. Utasema maneno yote ya Kambo, kichwa na mkia, pamoja na utani, ili kila mtu asikie "yeye atakula" alikuwa nani. Mwombe Mwalimu Nkandu aje. Mwalimu wa kweli atakuja. Na utasema pia kwamba robine ulidanganya. Usiseme ulichanganyikiwa. Sema ulidanganya.

Neno la mwisho. Uliniomba nisiliandike jina lako, na sikuliandika. La Kambo Ngosa hukuniomba nilifiche, halikukujia akilini. Nimeliacha kama ulivyoliandika, kwa sababu limechafuliwa hadharani na linastahili kusafishwa hadharani. Lakini Ngosa mjane, mwenye tumbako, anayeitwa mulozi kwa ajili ya karanga, yuko mmoja tu Katuba, na shamba hilo lina mama mmoja na mtoto mmoja. Gazeti hili linatoka Alhamisi na linafika sokoni kwenu saa nne asubuhi. Kama unanisoma shuleni, usingoje kengele. Mwombe mwalimu ruhusa, uende nyumbani mbio, umfikie mama yako kabla mtu hajamsomea.

Mama Kapya